Pakacha la Kishingo

Kuna harufu moja inayonirudisha Nguvumali bila nauli: machicha ya nazi yakichanganywa na pumba za mahindi kwa maji ya moto. Siku hizi watu wananunua tui la pakiti, harufu hiyo imeadimika. Lakini juzi nilikuna nazi mwenyewe, na kabla sijamaliza kukamua nilikuwa nimesharudi uani kwa shangazi yangu Mwanamvua, nina miaka tisa, kuku wamenizonga miguuni kama abiria wenye basi moja.

Kuwalisha ilikuwa kazi yangu, na kuwahesabu pia. Nilihesabu mara mbili, maana kuku hawatulii. Mmoja wao alikuwa wangu, zawadi ya shangazi: kishingo, yule kuku asiye na manyoya shingoni. Sura yake, Mungu anisamehe, ilikuwa ya mtu aliyemkimbia kinyozi kazi haijaisha. Shida ni kwamba yai lake hatukuwahi kuliona.

"Anakula fungu la watatu," alisema shangazi, "na kutaga anatuachia sisi."

Ijumaa ya wiki ile tulitarajia wageni kutoka Muheza, ikaamuliwa kishingo ndiye atakayewapokea, akiwa sufuriani. Nikaomba muda nithibitishe kwamba anataga. Shangazi akakubali, nadhani alitaka tu nimalize chai.

Kupapasa nilikujua. Unapaka kidole kidogo mafuta ya nazi, unambana kuku kwapani kwa heshima zote, unampima kwa nyuma kama yai lipo. Asubuhi ile nililigusa yai, gumu, limekaribia kutoka. Nikapima tena, nisijidanganye. Adhuhuri nikampima: mtupu. Kumbe hakuwa mvivu. Alikuwa anataga ugenini.

Siku ya Alhamisi, yai likiwa ndani, nikamfungulia nikamfuata. Alipenya tundu la ua wa makuti, akaingia kwenye banda la kuni la jirani yetu Bi Zena, mjane aliyeuza samaki wa kukaanga, akajitosa ndani ya pakacha kuukuu kama mtu anayerudi kwake. Alipotoka akijitangaza, nikachungulia. Mayai manne.

Nikamwamkia Bi Zena shikamoo, nikamweleza shauri langu. Alinisikiliza huku anageuza samaki.

"Mwanangu, yai halina jina."

"Halina, Bi Zena. Lakini wewe unafuga jogoo tu."

Akamtazama jogoo wake, akanitazama mimi, kisha akacheka mpaka akalazimika kuketi. Tukaanza kupatana. Yaliyokwisha kuliwa niliyasamehe, maana hayarudi. Nikataka yote manne, na pakacha juu yake. Alivuta, nikavuta, mwisho akaachia, kwa sharti moja.

"Matatu mpe shangazi yako. La nne lisitoke ndani ya pakacha. Usiliguse."

Nikaona ni ukaidi wa mtu aliyeshindwa. Nikakubali, nikarudi nyumbani na pakacha kichwani kama mtu aliyeteka mji.

Shangazi aliyahesabu yale matatu, nikamwomba ayahesabu tena. Akasema yai ni yai, lakini atakayeamua ni kuku mwenyewe: atage hapa uani, kesho. Nikaliweka pakacha kwenye pembe yenye giza nyuma ya mtungi, lile la nne likiwa ndani, nikaziba tundu la ua.

Ijumaa asubuhi kishingo alizunguka ua mzima akinung'unika. Kisu kilikuwa kimeshanolewa. Mara akaliona pakacha, akainamisha ile shingo yake tupu, akachungulia ndani, akaingia. Shangazi alikuja na unga mikononi, akamtazama alivyotulia, akatoa hukumu kwa upole.

"Wageni watakula samaki."

Nikatumwa kuwanunua kwa Bi Zena. Aliniuliza tu kama kuku amelala ndani ya pakacha.

Kishingo alitutagia hapo hapo mpaka uzee. Mimi nilijisifu kwa miaka kuwa nilimshinda Bi Zena kwa mdomo wangu. Nilipokuja kufuga wangu ndipo nikaelewa kwamba kuku hutaga anapoliona yai, na kwamba pakacha tupu lisingemrudisha kishingo. Tangu siku ile nimepatana na wengi, wauza machungwa na wauza magari, na nimeshinda mara nyingi. Ila sijakutana tena na mtu aliyeshindwa huku akihakikisha nimeshinda kweli.