Chumba cha Santuri na Mzinga wa Baba Mkwe

Watu wa kanisani kwetu wakiniona wanainamisha vichwa, na msidhani wanasali, wanacheka. Wacheke. Aibu ya siku ya ubatizo wa mwanangu Anaeli niliitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe na sitamsingizia mtu, ila hasira nazo ni zangu, na hizo nitawagawia wote wanaostahili, nikianza na mume wangu.

Mume wangu, Elieza, alikuwa karani wa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, huku juu kwetu mlimani, si mbali na Nkoaranga. Mzungu huyo alikuwa na chumba kizima ambacho kazi yake ilikuwa moja tu, kusikilizia muziki (si cha kulala, si cha kulia chakula, cha kusikilizia tu), kina mapazia mazito na mazulia mpaka ukutani, na kwa kuwa miguu yake ilikuwa mibovu alikuwa anamwita Elieza amgeuzie santuri. Basi mume wangu akaambukizwa. Mzungu alipofunga virago kurudi kwao Uingereza alimwachia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri saba. Angemwachia mbuzi ningemshukuru mpaka kesho.

Sasa, sisi tulikuwa tumejenga chumba cha nyongeza, cha udongo na bati juu, na kilijengwa kwa sababu inayojulikana: mimi nilikuwa nimeahidiwa kazi ya kufundisha katika shule ya misheni iliyo chini ya mlima (nimesoma mpaka sekondari, msichana peke yangu katika ukoo wetu, na sikusoma kote kule ili nije kumenya ndizi), kwa hiyo mtu wa kukaa na mtoto alihitaji mahali pa kulala. Nilipojifungua nikawekwa ndani kama mila inavyotaka, miezi mitatu sitoki hata uani, nanywa mtori wa ndizi na nyama na kunenepa, na kila siku nikawa nasikia nyundo upande wa pili wa ukuta, nikajisemea moyoni, maskini mume wangu, anamtengenezea mtoto kitanda. Siku niliyotoka nikafungua mlango wa kile chumba nikakuta giza na harufu ya kahawa.

Alikuwa amekivisha. Kuta zote nne alizipigilia magunia ya kahawa, safu mbili, na katikati ya safu akashindilia majani makavu ya mgomba, na darini hivyo hivyo, na chini ngozi za ng'ombe, eti sauti ikigonga udongo mtupu inarudi na kumkuta mwenzake njiani wakagombana. Kiti kilikuwa kimoja. Alikuwa amechora alama ya chaki sakafuni pa kuweka miguu ya kiti hicho, kisisogee. Na ukutani nyuma ya gramafoni alikuwa ametoboa tundu na kupitisha mzinga wa nyuki, ule wa gogo, wa marehemu baba yake, nusu ndani nusu uani, kwa kuwa sauti nzito, aliniambia huku ananitazama kwa huruma kama mtu asiyesoma, inahitaji njia ndefu ya kupumulia.

Nilimuuliza mtoto atapumulia wapi. Akasema mtoto bado mdogo.

Lakini nisiwe mwongo, chumba kile kilinifaa kwa jambo moja. Tundu la mzinga lilikuwa linaingiza baridi ya mlimani, kwa hiyo asipopiga santuri Elieza alikuwa analiziba kwa blanketi, na likizibwa, mlango ukafungwa, unaweza kupiga kelele humo mpaka mishipa ya shingo itoke na mtu aliye uani asisikie hata kikohozi. Nilijaribu mara ya kwanza kwa hasira tu. Mara ya pili kwa makusudi. Ikawa ndiyo dawa yangu: nikiudhiwa, nabeba mtoto, naingia, nafunga, nasema yote, natoka nikiwa mpole kama shemasi.

Na mwenye kuniudhi kwa sehemu kubwa alikuwa mama mkwe. Hapo ndipo palipokuwa na shida yangu, kwa sababu mtu wa kukaa na mtoto alikuwa ni yeye, hakuna mwingine, na alikuwa hajakubali. Alikuwa anasema ataona. Mwalimu mkuu naye alishasema nisipofika Jumatatu kazi anapewa mwingine, na ubatizo ulikuwa Jumapili, kwa hiyo nilikuwa na siku moja ya kumlainisha. Tangu asubuhi nikawa "shikamoo Mama," "pole Mama," "keti hapa penye kivuli Mama," mpaka Elieza akaniuliza kama naumwa.

Watu wakarudi kutoka kanisani wakajaa uani, mchungaji, wanakwaya, na Mzee Ndekirwa katibu wa chama cha kahawa (mkumbukeni huyo). Mama mkwe akakataa kivuli nilichomchagulia, akavuta kiti chake akakaa ubavuni mwa mzinga, akaupapasa, akasema huu mume wangu aliuchonga mwaka tuliooana. Kisha akamtazama mtoto akaniuliza, "Lile blanketi jekundu nililomletea mjukuu wangu liko wapi?"

Mnalijua lilipokuwa.

Ningeweza kusema nimelifua. Ningeweza kusema limo sandukuni. Lakini nilitaka afurahi, afurahi saa ile ile, kwa hiyo nikakimbia ndani nikalichomoa kwenye mzinga, nikalikung'uta majani ya mgomba, nikamfunika nalo mtoto nikatoka naye. Bibi akatabasamu. Mimi nikajipongeza. Nani angekumbuka tundu wakati ana sufuria nne za ndizi na nyama jikoni.

Tukapakua. Mama mkwe akaonja akasema, mbele ya mchungaji, kwamba chakula si kibaya kwa mtu aliyejifunzia kupika kwenye vitabu. Nikacheka. Akasema uji ninaompa mtoto ukiutazama unaona uso wako kama kwenye kisima. Nikacheka tena. Akasema yeye alilea watoto saba mgongoni huku analima na hakuna aliyemtafutia mtu wa kumshikia. Hapo kicheko kikaisha, nikasema mtoto ana njaa, nikambeba, nikaingia chumba cha santuri, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kile kiti pale pale penye chaki (na sasa najua ni kwa nini alipachora pale, kwa kuwa ni usawa wa mdomo wa mzinga), nikampa ziwa nikaanza.

Nilimwambia mwanangu mengi. Nilimwambia nyonya baba, nyonya, usimsikilize bibi yako, huyo hata malaika wakimpikia atafunua sufuria aangalie kama wameosha. Nikamwigiza anavyosali kabla ya kula, na sauti yake ile ya puani, anamwombea mgonjwa mmoja mmoja kwa jina mpaka nyama inaganda mafuta. Nikaja kwa baba yake, nikasema baba yako amechukua magunia ya chama, yale anayoyatafuta Mzee Ndekirwa kijiji kizima tangu msimu uliopita, akayapigilia ukutani ili santuri zisione baridi, na wewe unalala kwenye kikapu. Halafu, na hapa nililisema taratibu, kwa raha, neno kwa neno:

"Mama yako anajinyenyekeza mpaka kesho tu, mwanangu. Bibi akishakubali kukushika, ndipo nitamjibu, na nitaanza na la uji."

Nikajisikia mwepesi. Mtoto akacheua. Nikatengeneza kitambaa kichwani, nikavaa tabasamu, nikatoka uani.

Sijawahi kuona watu arobaini wakiwa kimya namna ile hata kwenye mazishi. Mchungaji alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kama amedondosha kitu humo. Mzee Ndekirwa alikuwa ameshika mfupa hewani, hauli wala hauweki chini. Wanakwaya wawili walikuwa wameuma leso. Nikadhani kuna mtu ameanguka, nikauliza kuna nini, ndipo jirani yangu Ndeanka, mtu wa huruma, akanivuta kanga akaninong'oneza, "Mama Anaeli, mzinga."

Nikakumbuka blanketi. Na hapo hapo akatokea mume wangu mbio kutoka upande wa jikoni, macho yanang'aa, akanishika mabega mbele ya watu wote.

"Umetoka vizuri ajabu," akasema. "Kila neno. Hata ulipovuta pumzi. Nilikuambia sauti inahitaji njia."

Kama si mtoto mkononi ningempiga na sinia.

Mama mkwe akasimama. Hakunitazama. Akaweka sahani chini, akakung'uta sketi, akapita mbele yangu polepole, akaingia kile chumba, tukasikia komeo. Nikajua anachukua mtungi wake na fimbo yake alivyoviweka humo asubuhi, arudi kwake, na kazi imekwenda, na Jumatatu nitakuwa namenya ndizi. Kisha mzinga ukakohoa.

"Elieza," mzinga ukasema, kwa sauti kubwa mara mbili ya mwenyewe, nzito, kama marehemu amerudi, na mzee mmoja akavua kofia. "Elieza, huu mzinga hukuniomba. Tutazungumza. Mzee Ndekirwa, magunia yako yapo humu, nimeyahesabu, lakini leo usiyaguse, mimi nayaegemea."

Mzee Ndekirwa akaitikia kwenye tundu, kwa heshima, "Sawa, Mama."

"Sasa mkwe wangu. Ule uji ni mwepesi. Umetukana, umeniigiza, uji bado mwepesi. Miezi mitatu nilikupikia mtori na kukukanda maji ya moto, mgongo wangu ukiuma, nikawa nangoja uniombe. Hukuniomba. Ulinipigia shikamoo tu, shikamoo na kunivutia viti, kama mimi ni Bwana Shauri wa serikali nimekuja kukagua. Mtu anayetaka kitu anasema. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekusikia ukisema."

Hakuna aliyetafuna. Mimi nilikuwa nimesimama na mtoto mbele ya gogo kama mshitakiwa mbele ya baraza, na machozi yananitoka, na sijui mpaka leo yalikuwa ya aina gani.

"Mtoto nitamshika," mzinga ukasema. "Nitalala humu humu, kuna joto. Mkitoa magunia ya chama wekeni mengine. Na kiti hiki ni kibaya."

Nikainama nikaweka mdomo kwenye tundu, mbele ya mchungaji, nikasema asante Mama. Ndipo watu wakapasuka kucheka, wakacheka mpaka wanakwaya wakakaa chini kwenye nyasi, na mchungaji akacheka akamwagia kanzu chai.

Jumatatu nilikwenda kazini. Nafundisha mpaka sasa, hesabu na jiografia, na mtoto amenenepa kweli, siwezi kukataa, uji wa bibi yake unasimamisha kijiko. Elieza anasikiliza santuri zake akiwa amesimama, kwa sababu pale penye chaki pana kitanda cha mama yake. Alijaribu kurudisha blanketi kwenye tundu na mama yake akamkataza, akasema hilo ni la mtoto na tundu liachwe. Kwa hiyo kila mchana nikipanda mlima kutoka shuleni, kabla sijafika hata kwenye mgomba wa kwanza, namsikia akimsimulia mjukuu wake makosa yangu ya asubuhi, chumvi, kitanda, ufagio nilioacha mlangoni, na Ndeanka na wenzake wamekaa uani na kazi zao mikononi, wanasikiliza.

Nimeapa sitasema tena kitu juu ya mtu ndani ya chumba, hata kama kina kuta kumi. Nikiudhika sasa nasimama uani, nainama kwenye tundu, namwambia mwenyewe. Anajibu.