Choo cha Shemeji na Mstari Unaoshuka

Nianze na choo, maana ndicho kilichonitoa hamu ya dagaa mpaka leo. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikijenga karibu kabisa na ziwa, juu kidogo ya mchanga ambapo mke wangu alikuwa anaanikia dagaa wa kupeleka Bunda. Kilinuka! Ukipita pale mchana unashika pua, na nzi wanakusindikiza hadi mlangoni kwako.

Mimi si mtu wa ziwa. Nimezaliwa Butiama, kwa ng'ombe, na shule niliiacha darasa la tatu kwa kuogopa fimbo. Huku pembeni ya Musoma nilikuja kwa kuoa, nikakuta watu hawapimagi maji. Wanapima kilichobaki juu ya maji. Utasikia, "Jiwe la kufulia limebaki kiganja," basi kila mtu ameelewa.

Sasa mjukuu wangu, binti wa kidato cha pili, mwalimu akawaambia watafute kitu kinachobadilika, wakichoree grafu. Naye akafanya kama wenyeji: kila Jumamosi akapima mti wa kufungia mtumbwi, ile sehemu inayoonekana juu ya maji. Mstari wake ukawa unashuka tu.

Mke wangu alikuwa anamsihi kaka yake ahamishe choo kabla ziwa halijakifikia. Shemeji alipoiona ile karatasi akacheka mpaka magego yakaonekana.

"Mnaona? Mstari unashuka. Hasi! Ziwa linarudi. Nisumbuke kuchimba mimi?"

"Babu, kinachopungua ni mti," mjukuu akamwambia shemeji. "Mti ni hasi, maji ni chanya. Mti ukipungua shibiri, maji yamepanda shibiri."

"Chanya si ndiyo nzuri? Mimi nilimaliza la saba, mtoto wewe."

"Uzuri haumo, babu. Ni kupanda tu."

"Nenda kapike huko."

Nikatema mate. Mtu mzima, ziwa liko mbele ya macho yake, yeye anabishana na karatasi! Na mikono hajanawa, katoka huko huko chooni.

Mvua zikanyesha. Maji hayakupitia mlangoni, yalikijaza choo kutoka chini. Asubuhi tukakuta vyote alivyovihifadhi humo miaka yote vimetapakaa juu ya dagaa, na funza weupe wanatambaa, huwezi kujua funza ni yupi na dagaa ni yupi. Nilitapika pale pale. Mke wangu hakutapika. Aliwakusanya wote kwa reki, akawatupa shimo la takataka, kisha akakaa kwenye mchanga akalia bila sauti.

Jioni nikasikia bati linalia kwa shemeji. Nikaenda kuchungulia. Alikuwa amewaokota wale dagaa, amewaosha, anawaanika upya juu ya paa la jiko lake.

"Shemeji, hao umewatoa wapi?"

"Punguza sauti. Wakikauka nani atajua? Bunda wanakulaga tu."

Nilimwita dada yake. Akaja na galoni la mafuta ya taa, akapanda juu ya ndoo, akawamwagia wote.

"Dada! Umeharibu chakula!"

"Chakula? Basi anza wewe, kaka. Kula nikuone."

Shemeji akamtazama dagaa mmoja, akanitazama mimi, akageuza uso. Mke wangu akashuka kwenye ndoo, akaingia ndani kwa kaka yake, akamletea jembe lake mwenyewe.

Kesho yake shemeji alichimba choo kipya kule juu kwenye mawe, akilalamika kutwa nzima kwamba ardhi ni ngumu. Hakuna aliyemsaidia.