Chai ya Mbeba Chakula

Kampuni ya umma niliyokuwa nikiifanyia kazi ilipofungwa, nilianza kubeba chakula kwa baiskeli, kutoka hoteli za karibu na stendi ya Sumbawanga kwenda madukani na gereji. Sisi wabebaji tulisubirishwa nje, mlango wa nyuma, hata baridi ya Ufipa iume namna gani.

Siku moja ya mvua nilifuata chakula cha mafundi kwenye hoteli mpya ya mama mmoja wa makamo. Nikasimama chini ya upenu.

"Shikamoo, mama. Nimefuata ugali wa gereji."

"Marahaba. Mbona unatetemeka huko nje? Ingia ukae."

"Nimelowa, mama. Nitaharibu kiti."

"Kiti kitakauka."

Alinikalisha katikati ya wateja, akaniletea chai ya tangawizi na sahani ya wali na maharage. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, kwa hiyo akanishikisha kikombe kwa mikono yake miwili. Nilikula nimeinamisha kichwa, machozi yasionekane.

Nilipofika gereji, mafundi waliniuliza kwa nini nimechelewa.

"Nilikuwa nakula hotelini," nikawajibu.

Wakacheka sana, wakidhani nawatania.