Siku Niliyofungana Kamba na Mama Mkwe

Aibu hii nimewaficha hata ndugu zangu, ila ninyi mmeshasikia vipande vyake hapa Bariadi, vimetiwa chumvi, basi bora mnisikie mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Mke wangu Kabula alikuwa amerudi kwao Nkoma baada ya ugomvi wetu, na wazee wa kwao walikubali nije jioni kumwomba arudi. Asubuhi yake wakulima wa pamba wa pale wakaniomba niwaeleze kwa nini kupulizia sumu ovyo kunawaumiza wenyewe, nikakubali, angalau ukweni nionekane mtu wa maana.

Ningechora ubaoni yangeisha. Nikaamua watu wawe ndio viumbe, huyu nyuki, huyu mdudu mafuta anayefyonza majani ya pamba, yule mdudu mwekundu mwenye madoa anayemla, na kila anayemtegemea mwenzake afungwe naye kwa kamba ya katani kiunoni. Nikawaambia wataalamu wanabishana: wapo wanaosema kamba zikiwa nyingi mtandao unakuwa imara, wapo wanaosema zikikaza sana mmoja akianguka anawaburuta wote, heri nyingine zilegee. Ili waone vizuri (hapo ndipo nilipojimaliza) nikasema, "Kazeni zote!" Nikajifunga na mimi, maana mkulima naye yumo, na kamba yangu ikaenda kwa pamba.

Pamba alikuwa mama mmoja aliyejifunika khanga mpaka usoni. Mwenyekiti wa kikundi, mtu wa kuja kutoka Mkula, alipokuwa anamfunga, yule mama alikataa kwa mkono bila kusema neno. Nikadhani ni haya tu. "Usiogope, mama," nikamwambia.

"Sasa nyuki kafa kwa sumu!" nikatangaza. Nyuki, jamaa mnene, akajitupa chini kwa moyo wote, akamvuta pamba, pamba akanivuta mimi, tukaanguka mavumbini, nimemlalia miguuni na khanga imemtoka. Ni mama mkwe wangu. Alikuja kwa kuwa naye analima pamba, akajifunika ili tusionane, kama mila inavyotaka, na kwa mila hiyohiyo asingeweza kunisemesha.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Wanaume waligeuka wakatazama shamba, mwanamke mmoja akasema polepole, "Mayu, mama wee, mkwe wake huyo!" Nikahangaika na fundo, kila nikivuta namsogeza karibu zaidi, naye kafumba macho, analia.

Kabula alikuja mbio na wembe. Akakata kamba, akamfunika mama yake, akamwinua.

"Nisamehe," nikamwambia. "Jioni nitawaeleza wazee."

"Wazee gani? Mama abaki na aibu hii, halafu mimi nifungashe nguo nikufuate? Nenda tu, baba Shija."

Sitamfunga mtu kamba tena maishani, hata kwa mchezo. Nimefundisha miaka kwamba wapo viumbe wanaoishi pamoja kwa amani kwa kuwa wanapishana tu, na sikuwahi kufikiri kwamba mimi na mama yule tulikuwa hivyo. Nilipeleka mbuzi wa kuomba radhi. Mbuzi wamempokea. Kabula bado yuko Nkoma.