Dizeli, Petroli na Lango la Tata

Mwezi ule niliokuwa nikitafuta pikapu nilikuwa mtu wa kuchekesha. Nilikuwa nikiamka nacheka. Nikimkatia ng'ombe majani, nacheka. Kanisani mhubiri akisoma habari za nabii aliyechukuliwa juu kwa gari la moto, mimi najiuliza kama lilikuwa la dizeli au la petroli. Nilikuwa nimefanya biashara ya ndizi miaka kumi na miwili nikikodi magari ya watu, na sasa, kwa mara ya kwanza, nilikuwa naenda kununua langu. Leseni nilikuwa nayo tayari. Ilikuwa imekaa kwenye pochi muda mrefu, na kila nikitoa kitambulisho nilihakikisha nayo imeonekana.

Ndizi nazinunua Ogembo, nilikoolewa, na kuziuza Kebirigo, nilikozaliwa. Katikati ni milima mitupu, kupanda na kushuka. Madereva niliokuwa nikiwakodi nawajua tabia mmoja mmoja. Kulikuwa na mmoja ambaye hakuweza kupita kituo chochote chenye hoteli bila kushuka kunywa chai, huku mikungu yangu ikipigwa na jua nyuma. Tulikuwa tukifika Kebirigo yeye ameshiba na mimi nimenuna. Wanunuzi walikuwa wamekwisha kupata ndizi kwingine.

Basi habari ikaenea kwamba nanunua pikapu, na kila niliyekutana naye alikuwa na swali moja tu. Dizeli au petroli? Waendesha boda boda wa pale stendi waligawanyika makundi mawili, wakabishana mpaka abiria wakaanza kutembea kwa miguu. Mama wa kuuza nyanya aliniambia dizeli ni ya wanaume. Mwenzake wa vitunguu akamwambia asiniharibie akili. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hajui kuendesha hata baiskeli, aliniambia nichague rangi nzuri.

Mimi nilicheka na wote. Lakini kwangu swali hilo lilikuwa na mtu ndani yake, na mtu huyo ni baba yangu, ambaye sisi tunamwita Tata.

Tata aliendesha lori la majani chai maisha yake yote ya kazi, kutoka vituo vya kuuzia mpaka kiwandani. Lilikuwa lori la dizeli lenye kelele za kutosha kijiji kizima. Lilimlipa mshahara, likatusomesha sote, kisha likaondoka na masikio yake. Yeye hakubali hata kidogo. Anasema ni sisi tusio na sauti. Anasema watu wa siku hizi wanakula mkate mwingi kuliko wimbi, ndiyo maana wakizungumza unaona midomo tu.

Tangu mama afariki anaishi peke yake Kebirigo. Nilimwomba ahamie kwangu Ogembo, akaniangalia kama niliyemtusi. Mwanamume kwenda kuishi kwa mkwewe! Alisema heri alale zizini, angalau ng'ombe ni wake. Kwa hiyo kila siku ya soko, nikimaliza kuuza, nilikuwa nikipitia kwake na mkate, sukari na maneno.

Shida ilikuwa langoni. Lango lake ni la mabati, na hulifunga kwa mnyororo kwa ndani. Na kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni, yaani ile heshima na haya iliyopo kati ya mzazi na mtoto. Binti hamshtukizi baba yake. Hazunguki nyuma ya nyumba wala kuchungulia dirishani, na chumba anacholala baba hajui hata rangi ya pazia lake. Anasimama langoni, anaita, anangoja mpaka baba ajiweke sawa na kutoka mwenyewe.

Basi mimi nilikuwa nikisimama na kuita. Ng'ombe anaitika. Jirani wa ng'ambo ya bonde anaitika, na kuniuliza habari za watoto. Tata haitiki. Simu niliyomnunulia ameiweka ndani ya mkebe wa sukari, kabatini, isichakae. Siku moja niliokota kokwa za parachichi nikaanza kuzitupa juu ya bati. Kokwa ya tano ndiyo iliyomtoa nje, na fimbo mkononi, akiwatukana nyani.

Siku hiyo tulicheka. Kuna siku nyingine ambayo sikucheka, niliponyeshewa pale langoni karibu saa nzima, mkate nimeuficha chini ya leso, naita hadi koo limekauka. Niliogopa sana. Niliwaza kwamba iko siku atakuwa ameanguka mle ndani, nami nitakuwa nje nangoja kwa adabu. Alipotoka hatimaye kwenda kukamua, alinikaribisha kama kwamba nimefika wakati huo.

Kuhusu pikapu, hakungoja hata kuulizwa.

"Dizeli," aliniambia. "Petroli ni ya kuwashia takataka."

Mshauri wangu mwingine alikuwa mwenye duka la vipuri mjini Kisii. Ni Mwislamu, babu yake alikuja mjini kufanya biashara na hakuondoka tena, na yeye mwenyewe alizaliwa nyuma ya duka lile lile. Kuhusu magari ni mtu mkweli hadi anakera. Jirani yake ana yadi ya magari yaliyotumika, na pale yadini palikuwa na pikapu mbili zilizotoshana na mfuko wangu. Moja nyeupe, ya petroli. Nyingine ya bluu, ya dizeli, yenye uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya kutosheka na usingizi.

"Nisikize, dada yangu," aliniambia, kofia ameisukuma nyuma. "Dizeli ina nguvu, sikatai. Mafuta inakula kidogo. Lakini ile pampu yake ikileta shida, utalia. Petroli ikizima, fundi yeyote wa Ogembo anasafisha plagi, unaendelea na safari."

"Na mlima je, na mzigo?"

"Mlima utapanda pole pole. Kwani ndizi zina haraka ya kwenda wapi?"

Niliijaribu ile nyeupe, na hapo nikapoteza akili. Niligusa ufunguo tu, ikawaka. Sikujua kama imewaka hadi nilipoona mshale wa dashibodi unatikisika. Nilizunguka mji mara mbili, vioo chini, meno yote nje, nikiwapungia mkono watu nisiowajua. Nilipiga gia kama ninayemenya ndizi mbivu. Nikarudi dukani nimekwisha kuamua. Tata angezoea tu.

"Kampelekee mzee aione kwanza," alisema mwenye duka. Alizungumza na jirani yake, nikaacha kitambulisho changu pale yadini, na siku ya soko nikapakia mikungu nikaelekea Kebirigo.

Sitadanganya, milimani ilihema. Pale penye mwinuko mrefu niliweka gia ya kwanza, na mama mmoja aliyebeba kuni alinipita, akageuka kuniangalia kwa huruma. Sikujali. Niliuza ndizi zangu, nikapiga soga kidogo, kisha nikapanda kwenda nyumbani, moyo unadunda kama wa bibi harusi.

Siku hiyo aliyekuja kuchukua maziwa alikuwa ameliacha lango wazi. Hapo ndipo nilipokosea. Furaha ilikuwa imenipanda kichwani, nikasahau kusimama, nikasahau kuita, nikaingiza pikapu mpaka uani. Na honi sikupiga, kwa maana kumpigia baba yako honi ni kama kumpigia mbwa mluzi.

Tata alikuwa ameketi kwenye kigoda, amenipa mgongo, hatua tano hivi kutoka mbele ya gari. Miguu yake ilikuwa ndani ya karai la maji moto, suruali imekunjwa hadi magotini. Na alikuwa amevaa sweta ya mama. Ile ya zambarau, yenye vifungo vya kung'aa, aliyokuwa akivaa mama kwenda kanisani. Paka alikuwa kando yake.

Nilikaa ndani ya gari, injini inanguruma kwa upole wake, nikingoja ageuke apigwe na butwaa.

"Leo ni soko," alimwambia paka. "Atakuja tu."

Akainua kichwa, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akaligeuza upande wa barabara. Akasikiliza kwa muda mrefu.

"Bado," akasema.

Alirudi kusugua nyayo zake. Baada ya muda mfupi akainua kichwa tena, kiganja sikioni, shingo ameinyoosha.

"Bado."

Nami niko nyuma yake, hatua tano.

Sijui ningekaa pale hadi lini. Paka ndiye aliyeniona, na Tata akafuata macho ya paka. Alisimama ghafla, karai likapinduka, maji yakatawanyika kila mahali, naye hakujua afiche miguu au afiche sweta. Nilitazama chini ya usukani kama niliyepoteza kitu. Aliingia ndani.

Alikaa huko muda wa kutosha. Alipotoka alikuwa amevaa koti, viatu vimefungwa kamba, kofia kichwani. Akanijia taratibu kama mtu anayempokea mgeni aliyefika sasa hivi.

"Bwakire, mama," alinisalimia.

"Bwakire, Tata."

Hakuna aliyetaja karai. Aliizunguka ile pikapu, akagonga boneti kwa kidole kimoja, akaniuliza kama imewaka. Nilimwambia imewaka tangu nilipofika. Alinitazama, kisha akatazama gari tena.

"Gari gani hili?" alisema. "Linaingia kwa mtu bila hodi."

Nilirudi Kisii sicheki. Nilipofika Nyamira niliegesha kando ya barabara nikalia, nikiwaza kile kiganja nyuma ya sikio. Alikuwa akinisikiliza kila siku ya soko, nami nilidhani anayengoja ni mimi tu, pale langoni. Kisha nikakumbuka vifungo vya ile sweta vinavyong'aa kwenye kifua cha Tata, nikaanza kucheka na machozi yakiwa bado yanatiririka. Mwenye boda boda aliyepita aliniuliza kama niko salama, nikamwambia nanunua gari.

Kesho yake asubuhi mwenye duka alinikuta yadini nimesimama karibu na ile ya bluu.

"Hii?" aliniuliza. "Dada, kwani mimi naongea na ukuta? Hata bomba la ekzosi limetoboka. Ukiwasha hii watakusikia mpaka Birongo."

"Umesema watanisikia?"

"Mpaka Birongo, wallahi."

"Nipe ufunguo."

Ile ya bluu haiwaki kwa kuguswa. Unazungusha ufunguo nusu, unangoja taa ndogo ya rangi ya chungwa izime, unaomba Mungu, kisha unamalizia. Ilikohoa mara mbili, ikatoa wingu la moshi, halafu ikanguruma. Kuku walikimbia. Mzee aliyekuwa akisoma gazeti barazani alilikunja akaondoka. Usukani ulikuwa ukitetemeka mpaka mashavu yangu yakatetemeka, na furaha yangu yote ikarudi pale pale, mara mbili yake.

Siku ya soko nilipakia mikungu mingi kuliko ile ya mara ya kwanza. Ule mwinuko uliokuwa umeniaibisha niliupanda kwa gia ya tatu, nikiimba, ingawa sikuweza kujisikia. Yule mama wa kuni nilimkuta tena, nikampa lifti, tukaongea kwa kupiga mayowe na hakuna aliyeelewa chochote. Kebirigo walinisikia kabla ya kuniona. Ndizi ziliisha mapema, na nusu ya wanunuzi nadhani walikuja kuona ni kitu gani kinachopiga kelele.

Kisha nikageuza kuelekea nyumbani. Kuna daraja dogo pale chini, halafu njia inapinda katikati ya chai, na ukimaliza kona ndipo unapoliona lango. Nilikuwa nimejiandaa kusimama na kuita kama kawaida. Hata kokwa za parachichi nilikuwa nimebeba, tatu, kwenye mfuko wa aproni.

Nilimaliza kona. Lango lilikuwa wazi, pande zote mbili. Tata amesimama katikati, koti limefungwa hadi juu, viatu miguuni, kofia mkononi, akicheka kama mtoto.

"Nimekusikia tangu darajani!" alipaza sauti. "Umeshuka gia umechelewa!"

Na ni kweli, nilikuwa nimechelewa.

Alisogea akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale, macho amefumba. Kisha akaniambia kwamba masikio yake hayajawahi kuwa na shida yoyote, ni sisi tuliokuwa tukimletea magari bubu. Nilimwambia ni kweli, Tata, makosa ni yetu. Tuliingia ndani tukanywa chai.

Mwezi uliopita nilipita dukani kununua chujio la mafuta. Yule rafiki yangu alitoka nje na bomba jipya la ekzosi begani, zuri, linang'aa. Alisema ananipa kwa bei ya urafiki, kwa sababu kila nikifika mjini wateja wake hawasikii bei. Nilimshukuru, nikamwambia alirudishe ndani.

"Sababu gani hasa?" aliniuliza. "Utaendesha kelele hii mpaka lini?"

Nilizungusha ufunguo nusu, nikangoja taa izime. Nikimfunga mdomo huyu wa bluu, nani atamwambia Tata avae viatu?