Mdalasini wa Chai

Wiki hii, kwenye duka la steshenari mjini Morogoro, nilisimama nyuma ya mama mmoja wa Kinole anayeuza viungo mtandaoni akiwa nyumbani kwake. Alikuwa akimsomea mchapaji makala ya kuutangaza mdalasini wake. Alipomaliza kusoma, mchapaji aliendelea kuandika.

"Unaandika nini tena, baba?"

"Naongeza kidogo, mama. Unatibu sukari, presha na uvimbe. Makala ya chai tupu nani ataisoma?"

Mama aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, juu ya neno "unatibu", akakiacha hapo.

"Futa."

"Wenzako wote wanaandika hivi, na wanauza!"

"Hata mimi nataka kuuza, nyumba yangu inakula humo. Lakini mgonjwa akiacha vidonge kwa maneno yangu, utakwenda wewe kumzika? Futa."

"Haya, tuseme unatibu nini basi?"

"Andika: hautibu kitu. Unanukia."

Watu kwenye foleni walicheka. Mimi sikucheka. Mke wangu, katika miezi yake ya mwisho, alizisoma makala za namna ile moja baada ya nyingine, na kila unga uliosifiwa tuliuagiza. Yeye nimemzika. Walioziandika wangali wanaandika.

Basi nami naandika. Nilinunua pakiti moja aliyokuwa nayo yule mama mkobani, palepale, na asubuhi hii nimeutia mdalasini wake kwenye chai yangu ya mtu mmoja. Nathibitisha tangazo lake, neno kwa neno: hautibu kitu. Unanukia.