Kidole cha Mama Mkwe

Siku fundi alipotuwekea Wi-Fi nyumbani kwetu Butembo, alipanda juu ya bati, akafunga kisahani chake, akashuka na kuweka kisanduku chenye taa za kijani juu ya kabati la vyombo, kisha akaniuliza ni neno gani la siri nilitakalo. Nilimwomba atoke sebuleni kwanza. Nilitunga sentensi fupi ya Kilatini, yenye kitenzi mwishoni kama ipasavyo, nikaiandika mimi mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeambiwa. Aliyetaka kuunganishwa alinipa simu yake, nami niligeukia ukuta na kumwandikia. Nilikataza kabisa neno hilo lisiandikwe kwenye karatasi. Niliwaeleza watoto, tukiwa mezani, kwamba wasomi wa kale walibeba vitabu vizima kichwani, na kwamba anayeandika kila kitu anajifundisha kusahau. Hata darasani nililisema jambo hilo, zaidi ya mara moja, na wanafunzi wakatabasamu kwa adabu.

Mimi mwenyewe sikuwa na simu ya kugusa kioo. Nilitumia, na ninatumia hadi sasa, simu ndogo ya vibonye, na kazi nyingine zote nazifanya kwa kompyuta.

Mama mzazi wa mke wangu alikuwa anaishi kwetu tangu alipoliacha shamba lake la kakao upande wa Beni. Alikuwa na simu nzuri kuliko zote za nyumba ile, zawadi ya mwanawe wa kiume, naye aliitumia kusikiliza rozari, misa na jumbe ndefu ndefu za sauti alizotumiana na akina mama wenzake wa parokia yake ya zamani. Kuhusu mimi na yeye, tuliishi kama inavyotakiwa katika familia zetu. Mkwe hakai karibu na mama mkwe wake, hapokei kitu mkononi mwake, hamgusi kamwe. Chumvi ikihitajika, inawekwa mezani, mwingine anaichukua baadaye. Hata simu yake, ya kuunganishwa na Wi-Fi, ililetwa kwangu na mke wangu. Akiwa na neno kwangu, alimwambia mke wangu au mtoto mbele yangu: "Muambie baba yenu kama mvua inakuja." Nami nilijibu kwa njia ileile. Watu wasiozoea wanadhani huo ni uadui. Kwetu ilikuwa heshima, na ninakiri kwamba ilikuwa pia starehe, kwa sababu katika miaka yote ile hatukuwahi kugombana.

Asubuhi ninayoikumbuka, nilikuwa na kazi moja tu: kuketi mbele ya kompyuta na kushiriki utetezi wa tasnifu ya mwanafunzi wangu wa kike aliyekuwa Beni. Jopo lilikutana kule, nami msimamizi wake nilibaki Butembo, kwa kuwa barabara haikuwa ya kutegemea siku zile. Utetezi huo ulikuwa umeahirishwa mara kadhaa kwa sababu hiyohiyo ya barabara, na shule moja ya sekondari ilikuwa inamshikia yule binti nafasi ya kufundisha, lakini si kwa muda mrefu tena. Bila ripoti ya msimamizi kusomwa, jopo haliwezi kuamua. Hayo yote niliyajua vizuri kuliko mtu yeyote.

Siku iliyotangulia nilikuwa nimeipeleka kompyuta kwa fundi aisafishe virusi. Alisafisha virusi na kila kitu kingine. Nilipoifungua, ilinionyesha jina la mtandao wetu na kisanduku cheupe cha kuandikia neno la siri, kama mgeni aliyesimama mlangoni akiniuliza mimi ni nani.

Niliandika ile sentensi ya Kilatini. Ikakataliwa. Niliiandika tena polepole. Ndipo nilipokumbuka kwamba baada ya Pasaka nilikuwa nimeibadilisha, kwa kushuku kwamba majirani wanatumia mtandao wetu, nikatunga nyingine bora zaidi na kuiingiza upya kwenye simu zote. Nilikumbuka kwamba ilikuwa bora. Nilikumbuka hata furaha niliyokuwa nayo wakati wa kuitunga. Maneno yenyewe yalikuwa yamekwenda.

Mke wangu alikuwa Kyavinyonge, kando ya ziwa, amefuata samaki wa kuuza, na simu yake haikupatikana. Watoto walikuwa shuleni. Nilijaribu vitenzi vyote nilivyovipenda, katika nyakati zote, na kisanduku kikavikataa kimoja kimoja. Mwishowe simu yangu ililia. Alikuwa yule binti.

"Allô, Professeur? Ba jury banaisha kufika bote. Mama yangu ameisha kufunga kitambaa yake ya sikukuu ku kichwa, iko ku mustari ya mbele. Hatukuone ku écran."

"Nitachelewa kidogo," nilisema. "Kompyuta inaniomba neno la siri la nyumba, na neno hilo limenitoka."

Binti aliuliza, kwa sauti ya chini sana:

"Ile ya Kilatini, Professeur? Ile ulikuwa unatuambia mu auditoire kama hapana kuiandika?"

"Ile."

Nilisikia akijizuia kucheka, na namshukuru kwamba alifaulu.

"Bon, hapana kuogopa. Kuko telefone ingine mu nyumba yenye inashika Wi-Fi?"

"Iko ya mama mkwe wangu."

"Basi imeisha! Ingia mu paramètres, fungua Wi-Fi, gusa jina ya réseau yenu, halafu gusa kwenye wameandika partager. Telefone itaomba kidole ya mwenyewe, juu ijue kama hapana muizi. Akiisha kutia kidole, utaona dessin moja ya vikarokaro, na chini yake mot de passe yote, lettre kwa lettre. Umuombe tu mama atie kidole. Ni kitu ya dakika." Kisha akaongeza, na hapo sauti yake haikuwa tena ya kucheka: "Professeur, président anasema saa sita ikifika bila weye, anafunga. Anasema session ingine hajui ni lini."

Nilimwahidi. Nilipokata simu, nilikuwa ninajua la kufanya kwa usahihi wote: nitoke uani, nikohoe kama kawaida ili mama ajitengeneze, nisimame mbali, niseme kwamba nimesahau neno la siri na ninaomba msaada wake. Ndilo lililonishinda. Hapakuwa na mtu wa tatu wa kulipitisha ombi langu, hilo ni kweli, lakini si hilo lililonizuia. Nilimwona akilini akiwasimulia wenzake wa parokia kwa sauti zile ndefu: mukwe yangu, yule mwenye kichwa cha vitabu, amesahau ufunguo wa nyumba yake.

Sikukohoa. Nilimkuta kwenye kiti chake cha miti, karibu na mlango wa jikoni, amelala usingizi mwepesi wa wazee, kitenge kimefunika magoti. Simu ilikuwa juu ya kigoda kando yake, kioo kimewaka, rozari inaendelea kusalika bila yeye. Nilijiambia kwamba kuchukua kitu kilicho juu ya kigoda si kukipokea mkononi mwake. Hoja hiyo niliiona thabiti. Niliichukua, nikafungua paramètres, yaani mipangilio, nikagusa jina la mtandao wetu, nikagusa partager, yaani shiriki. Kioo kikanionyesha alama ya kidole na kungoja.

Ningeweza kuirudisha. Badala yake niliinama, nikamshika mama mkwe wangu mkono wa kuume, nikatenga kidole gumba kutoka kwa vingine, nikakikandamiza juu ya kioo.

Kidole kilikuwa kigumu, chenye nyufa za jembe, na simu haikukitambua mara ya kwanza. Nikakikandamiza tena. Safari hii simu ilitetemeka kidogo kukubali, na mama akafungua macho.

Hakupiga kelele. Alitazama mkono wake, akatazama mkono wangu ulioushika, halafu akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya harusi. Niliuachia. Alivuta kitenge hadi mabegani, akageuza kiti chake taratibu mpaka akanipa mgongo, akauelekea mlango wa jikoni. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuambiwa, aliuambia mlango.

"Weye mulango, uliona? Mutu muzima, mutu wa kusoma, anashika mukono ya mama ya bibi yake kama vile anapima mutoto homa."

Nilirudi nyuma hatua moja. 

"Mulango, umuulize: anatafuta nini mu kidole yangu?"

"Mama," nilisema, kisha nikajirekebisha, nikauambia mlango na mimi. "Mwambie mama kwamba kuna binti Beni anayetetea leo. Nilisahau neno la siri la Wi-Fi. Simu yake ndiyo inayolijua."

"Umuambie, mulango, kama angeliomba, ningelitia kidole pale ku kigoda, yeye anasimama kule ku ukuta, na heshima inabaki. Kuomba tu. Kuomba kulikuwa kunamuumiza meno?"

Sasa naandika sehemu ambayo sijamwambia hata mke wangu. Wakati mama anayasema hayo, mgongo wake ukitetemeka, simu ilikuwa bado mkononi mwangu, na chini ya ule mchoro wa vikarokaro, viraba vidogo vyeusi na vyeupe, maneno yalikuwa yamejitokeza, herufi kwa herufi, kama binti alivyosema. Nami nilikuwa ninayasoma. Nilimwitikia mama kwa kichwa, na huku nilikuwa ninayakariri. Niliposhika sentensi yote, nikaiweka simu juu ya kigoda, nikainama kuelekea mgongo wake, nikarudi sebuleni karibu kwa kukimbia.

Kompyuta ilikubali. Saa sita ilikuwa haijafika. Uso wa yule binti ulijaa kwenye kioo, na nyuma yake niliona kitambaa cha sikukuu cha mama yake kikisimama kwa furaha kana kwamba mimi ndiye shahada yenyewe. Rais wa jopo alinikaribisha nisome ripoti. Tasnifu ilihusu maneno ambayo akina mama wazee wa vijiji vya Beni wanatumia kwa ajili ya udongo na mbegu, na katika ukurasa wa pili wa ripoti yangu nilikuwa nimeandika, wiki kadhaa kabla, kwamba mtafiti anastahili sifa kwa kuwa hakuchukua neno hata moja kwa mzee yeyote kabla ya kumwomba. Nilipoifikia sentensi hiyo, niliisoma. Sikuwa na haki ya kumnyima sifa yake. Lakini niliisoma nikiwa nimeinamisha uso karibu na karatasi, na rais akaniuliza kama mwanga wa chumba haunitoshi.

Binti alipita, kwa alama ambayo mimi mwenyewe nisingethubutu kuipendekeza. Vigelegele vya mama yake vilitoka kwenye kompyuta vikajaa sebule. Nilifunga mashine, nikatoka uani. Kiti kilikuwa kitupu. Jirani aliniambia kwamba mama alipanda pikipiki na furushi lake, akaelekea mtaa wa Mususa, kwa mdogo wake wa kiume.

Mke wangu alirudi kesho yake na samaki wake. Nilimweleza akiwa bado hajatua beseni. Mwanzoni alicheka.

"Kidole? Ulimushika mama kidole?"

Halafu akaona uso wangu, akaacha kucheka, akatua beseni.

"Sasa nani ataenda kusema ile maneno ku Mususa? Hapana mimi. Yeye ni mama yangu, mais weye ndiye ulimushika."

Kosa la namna ile halisafishwi na mkosaji peke yake. Lazima mkubwa wa familia yake ampeleke, na mbuzi, na alitaje kosa kwa sauti mbele ya wakwe, lote, bila kulifunika. Kwa hiyo ilinibidi nianze kumweleza kaka yangu, mkulima asiyetumia Wi-Fi, nikarudia mpaka alipoweza kuisema habari hiyo bila kukwama. Njiani kuelekea Mususa alikuwa anajizoeza kwa sauti, huku mbuzi akimvuta kamba, na watu wa madukani waligeuka kutusikiliza.

Tulikaribishwa kwenye ua wa mdogo wa mama. Yeye mwenyewe mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia, nasi tulijua kwamba anasikia. Kaka alisimama, akavua kofia.

"Tumekuja na haya," alisema. "Huyu mudogo yangu alimukuta mama amelala, akamushika mukono, akatia kidole yake ku telefone, juu ya kuiba mot de passe."

Mdogo wa mama alifikiri.

"Kuiba? Ile mot de passe ilikuwa ya nani?"

Kaka alinigeukia. Hapo hatukuwa tumejizoeza.

"Ilikuwa yangu," nilisema.

"Yako mwenyewe? Uliiba kitu yako mwenyewe, mu mukono ya mama yako?"

"Nilikuwa nimeisahau."

 Mbuzi alikuwa anatafuna majani ya ua wao. Kisha sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia, si kwangu, kwa mdogo wake:

"Umuulize kama yule binti wa Beni alipita."

"Alipita, mama. Alipita vizuri sana."

"Basi mufunge mbuzi pale ku muti," alisema mama. "Na mumuambie aandike kwao kule ku chuo: kidole yangu nayo iko na diplome."

Ua wote ulicheka, kaka yangu akiwa wa kwanza, kwa kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Mama alirudi kwetu Jumapili baada ya misa, na mke wangu anasema kwamba mambo yamekwisha. Mimi nilicheka nao pale Mususa, kwa kuwa ingekuwa utovu wa adabu kutocheka, huku nikijua kwamba kosa halikutajwa lote, na macho yangu yakitafuta pa kutua na kukosa.